Mathayo 18:15 inatumikaje mtoto anaposema amefanyiwa ukatili na mtumishi wa kanisa?

Katibu_Kamati

Shalom wapendwa. Kamati yetu imepewa kazi ya kuandika mwongozo wa ulinzi wa watoto kanisani, na tumekwama kwenye ibara moja tu. Rasimu inasema yeyote atakayepata habari kwamba mtoto amefanyiwa ukatili wa kingono atoe taarifa polisi au ustawi wa jamii siku hiyohiyo. Wazee wawili wanaikataa, na wanakuja na maandiko mkononi:

1) Mathayo 18:15-17. Kwanza umwendee mkosaji mkiwa wawili, kisha mashahidi, kisha kanisa. Polisi hawamo.
2) 1 Timotheo 5:19. Mashitaka juu ya mzee hayapokelewi bila mashahidi wawili au watatu.
3) 1 Wakorintho 6. Ndugu hawapelekani mahakamani kwa wasioamini.
4) Hili halina andiko ila linarudiwa kila kikao: mtoto ni wa wazazi wake, baba na mama waachiwe waamue.

Sitaki kuwajibu kwa sheria ya nchi peke yake, wataniambia ninaleta mambo ya dunia. Naomba hoja za maandiko zinazosimama. Na anayejua kazi hii atueleze hatua zenyewe ziandikweje, kwa kina, maana rasimu yetu ina maneno mazuri lakini mwalimu wa Sande skuli akiisoma hatajua afanye nini saa ile.

---

Mch_Mstaafu

Mtumishi, waambie wazee wafungue Mathayo 18, ila wasianzie mstari wa 15. Waanzie wa kwanza. Wanafunzi wanauliza nani aliye mkuu, Yesu anamwita mtoto na kumsimamisha katikati yao. Anasema anayempokea mtoto kama huyo anampokea yeye. Halafu mstari wa 6: anayemkosesha mmojawapo wa wadogo hawa, afadhali afungiwe shingoni jiwe la kusagia azamishwe baharini. Jiwe linalotajwa pale si la kusagia kwa mkono, ni lile kubwa lililozungushwa na punda. Mstari wa 10 unaonya wasidharauliwe wadogo. Mistari ya 12 hadi 14 ni mchungaji anayewaacha kondoo 99 na kumfuata mmoja. Ndipo unafika wa 15. Anayeutumia wa 15 kumlinda mtu aliyemuumiza mtoto ameigeuza sura nzima kichwa chini miguu juu.

Kisha tazama nani anaambiwa aende. Ni aliyekosewa. "Ndugu yako akikukosa" ni mambo ya ndugu wawili walio sawa: umenikopa hukulipa, umenisema vibaya. Ukiutumia ulivyo kwa kesi hii, utaratibu unaodaiwa ni mtoto wa miaka tisa amwendee peke yake mtu mzima aliyemvua nguo, amweleze kosa lake. Mwambie mzee autamke hivyo kwa sauti mbele ya kikao. Kama atasema hapana, mtu mzima atakwenda badala ya mtoto, basi tayari ameshaliacha andiko alilodai kulifuata, na kwa vitendo amempa mtuhumiwa nafasi ya kufuta ujumbe kwenye simu na kumtisha mtoto kabla hajahojiwa.

1 Timotheo 5:19. Paulo anaiegemeza kanuni hii kwenye Kumbukumbu 19:15, kwa hiyo msomee aendelee mpaka mstari wa 18: waamuzi wanaamriwa wachunguze kwa bidii. Mashahidi wawili ni kipimo cha kumtia mtu hatiani. Hakijawahi kuwa kipimo cha kusikiliza wala cha kuanza uchunguzi. Torati yenyewe ilijua kuna dhambi zinazotendwa pasipo shahidi, na kwa makusudi. Kumbukumbu 22:25-27 ni binti aliyekamatwa nguvu shambani. Alipiga kelele na hapakuwa na wa kumwokoa. Haambiwi alete mashahidi, wala hahesabiwi kosa, na tendo lile linafananishwa na mtu kumwinukia mwenziwe na kumwua. Halafu usimwache mzee aishie 5:19. Mstari unaofuata unasema wakidhihirika kuwa wametenda dhambi wakemewe mbele ya wote. Watu wanaoupenda wa 19 kwa kawaida huwa hawaufahamu wa 20.

1 Wakorintho 6 ni madai ya mali. Paulo mwenyewe anayaita mambo madogo, na swali lake ni kwa nini msikubali kunyang'anywa mali zenu. Sura moja nyuma, ya 5, alipokuta zinaa ndani ya kanisa hakusema mvumiliane, alisema mwondoeni.

Na kama wanataka kujua Paulo alifanyaje palipokuwa na mtu wa kudhuriwa, wasome Matendo 23:16-24. Kijana, mwana wa dada yake Paulo, anapata habari ya watu zaidi ya 40 walioapa kumwua. Paulo hamwambii akae kimya kwa ajili ya jina la injili. Anampeleka kwa jemadari wa Kirumi, mpagani. Jemadari anamshika mkono, anajitenga naye kando, anamwuliza faraghani una neno gani la kuniambia. Hamkatizi. Anamwagiza asimwambie mtu kwamba ametoa habari. Usiku huohuo anatoa askari 200, wapanda farasi 70 na wenye mikuki 200. Ukitaka mfano wa kupokea taarifa kutoka kwa kijana, ni huo, na aliyeufanya hakuwa mzee wa kanisa. Warumi 13:4, mtawala ni mtumishi wa Mungu wa kumwadhibu atendaye mabaya, siirudii, mnaijua.

La nne ndilo lenye mizizi mirefu. Zaburi 127:3 inasema wana ni urithi wa Bwana. Mzazi amekabidhiwa, na aliyekabidhiwa ana wa kumtolea hesabu. Hata ile sheria kali ya mwana mkaidi, Kumbukumbu 21:18-21, haikumpa baba neno la mwisho: ilimpasa yeye na mkewe wote wawili wamlete kwa wazee langoni. Hiyo ni tofauti kubwa na Roma, ambako kisheria baba alikuwa na mamlaka ya uhai na kifo juu ya wanawe, na mtoto mchanga asiyetakiwa aliweza kutupwa nje. Ndani ya dunia hiyo Waefeso 6 inawasemesha watoto kwanza, wao wenyewe, kama waumini wenye masikio yao. Kisha inamgeukia baba na kumwekea mpaka: msiwachokoze. Wakolosai 3:21 inatoa sababu, wasije wakakata tamaa.

Wala si mafundisho ya juzi kutoka ng'ambo kama wengine wanavyodai. Didake, mwongozo wa kanisa la mwanzo kabisa, inaitaja dhambi ya kuwaharibu watoto katika orodha moja na uuaji na uzinzi. Sinodi ya Elvira huko Hispania, mwanzoni mwa karne ya 4, kanuni yake ya 71 iliwanyima wanaowanajisi watoto wa kiume ushirika hata wakiwa kufani. Ukali wa namna hiyo siutetei. Nautaja ili mzee asiseme kanisa halikuwahi kuliona jambo hili.

---

Ustawi_Kaunta3

Mchungaji amemaliza upande wake. Mimi nizungumzie ile saa mtoto anapofungua mdomo, maana hapo ndipo kesi nyingi zinaharibika, na zinaharibiwa na watu wenye nia njema.

Mtoto huwa haji na taarifa iliyopangwa. Anatupa kipande kidogo aone utafanyaje: "sitaki kwenda kwa mwalimu fulani", au "mtu akikuambia usiseme, ni dhambi kusema?" Ukishtuka usoni, anafunga. Kaa usawa wake, mahali mnapoonekana lakini hamsikiki. Mwache aseme. Maneno yako yawe machache: "niambie kilichotokea", "halafu?", "umefanya vizuri kuniambia", "si kosa lako". Basi. Usimuulize "alikushika huku?" Swali la namna hiyo limemtilia mtoto jibu mdomoni, na wakili wa utetezi atalikuta. Usiulize kwa nini hukusema mapema, kwa nini hukukimbia. Na usimwahidi siri. Mwambie wazi: nitawaambia watu wachache ambao kazi yao ni kukulinda.

Unahitaji kujua mambo manne tu: nini, nani, lini takriban, na kama leo akirudi nyumbani yuko salama. Ukishayapata, acha kuuliza. Kumhoji kwa undani ni kazi ya aliyesomea. Mtoto aliyehojiwa na mwalimu, kisha mchungaji, kisha wazee, kisha shangazi, akifika polisi maelezo yake yameshachoka na yana maneno ya watu wazima, na anaonekana amefundishwa.

Andika ndani ya saa moja. Tarehe, saa, mahali, nani alikuwepo, maneno ya mtoto kama alivyoyasema. Akisema "kidudu" andika kidudu, usiandike uume. Ulichokiona kiweke mbali na unachokidhani: "alilia, alishika tumbo" ni ulichokiona, "alionekana amebakwa" ni dhana yako. Saini. Nakala ya kwanza iliyoandikwa kwa mkono haitupwi hata kama baadaye imechapwa.

Kama tukio ni la siku chache hizi, hospitali inatangulia kila kitu, na hapa muda una maana. Dawa za PEP za kukinga VVU zianze mapema iwezekanavyo, na zikishapita saa 72 hazianzishwi tena. Kwa binti aliyevunja ungo, dawa ya dharura ya kuzuia mimba inafanya kazi ndani ya siku tano, na inapungua nguvu kadiri unavyochelewa. Asioge, asibadilishe nguo, na ikiwezekana asiende haja kabla ya kuonwa. Kama ameshabadilisha, zile nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kila moja na mfuko wake. Ukizitia kwenye plastiki unyevu unabaki ndani na ushahidi unaoza. Zisifuliwe, hata kama mama anaona aibu kuzibeba hivyo.

Na hili muandike kwenye mwongozo kwa herufi kubwa: daktari asipokuta jeraha haina maana kwamba mtoto amedanganya. Watoto wengi waliofanyiwa ukatili hawaonyeshi alama yoyote, ama kwa sababu aina ya tendo haiachi alama au kwa sababu sehemu hizo zinapona haraka.

Anayetoa taarifa ni aliyesikia, yeye mwenyewe, si mwenyekiti kwa niaba yake. Rasimu zinazosema "atamjulisha mchungaji, na mchungaji ataamua" zinaweka lango, na mlinzi wa lango anaweza kuwa rafiki wa mtuhumiwa. Andikeni: ataripoti, kisha atamjulisha mtu wa ulinzi wa watoto wa kanisa. Mpangilio huo usigeuzwe.

Wazazi wajulishwe, isipokuwa kama anayetajwa ni mmoja wao au mtu anayeishi nyumba hiyohiyo. Hapo unauliza kwanza ustawi wa jamii namna ya kuwajulisha. Ukimpigia mama simu ukidhani umefanya jema, usiku baba anajua, na asubuhi mtoto anasema alikuwa anatania.

---

Alto_wa_Pili

Samahani wakubwa, naomba niulize ambalo wengi wanaogopa kuuliza. Kama ni uongo? Jina la mtumishi likishachafuka halisafishiki.

---

Wakili_Sauti

Swali halali kabisa, na jibu lake ndilo linaloifanya ibara ya kuripoti kuwa ya haki kwa pande zote. Kanisa likichunguza lenyewe, hata mtumishi asiye na kosa hasafishiki: waliomtetea watasema ameonewa, wengine watasema wazee wamemfichia. Chombo cha nje kikikuta hakuna kosa, neno lake lina uzito.

Muandike tofauti ya kusimamishwa na kuhukumiwa. Siku taarifa inapotolewa, mtuhumiwa anaondolewa kwenye huduma yoyote inayomkutanisha na watoto, na kama ni mwajiriwa, malipo yake yanaendelea mpaka uamuzi. Hili ni la watu wote, awe mchungaji kiongozi au mfagiaji. Mkilifanya kwa fulani na kulisamehe kwa fulani, mmeshatoa hukumu bila kujua. Nani anamjulisha na lini? Msimjulishe kabla polisi hawajasema mnaweza.

Kutangaza je? Kimya kabisa kinazaa uvumi, na maneno mengi yanazaa kesi ya kashfa. Tangazo lisipite sentensi nne. Mfano: "Tumepokea taarifa inayohusu usalama wa watoto. Tumeifikisha kwa mamlaka husika, nao wanaishughulikia. Ndugu anayehusika hatahudumu hadi jambo litakapokwisha, na hatua hii si hukumu. Mwenye habari yoyote azungumze na polisi moja kwa moja, na anayehitaji msaada amwone fulani." Mtoto hatajwi, wala darasa lake, wala mtaa wake. Nimesisitiza darasa kwa sababu makanisa mengi yanaficha jina kisha yanasema "mwanafunzi wa kipaimara wa mwaka huu", na wako saba.

Kuhusu watoto wanaobadilisha maelezo: kukana baada ya kusema ni jambo la kawaida, hasa familia ikigawanyika au mtoto akiona baba anakosa kazi kwa ajili yake. Kukana peke yake hakuthibitishi kwamba alidanganya, na hakuthibitishi kwamba alisema kweli. Apewe mpelelezi. Ninyi msilifunge faili kwa sababu hiyo.

Na jambo moja linalonikera. "Yameisha kinyumbani." Familia mbili zinakaa, mzee wa kanisa yuko katikati, zinahesabiwa hela au mbuzi, inaandikwa karatasi kwamba hakuna madai. Karatasi hiyo haifuti kosa la jinai, na kwa sheria za nchi nyingi waliosimamia wanaweza kushitakiwa kwa kuficha uhalifu. Mzee anayesaini pale anajitia kitanzi mwenyewe.

---

Katekista_Msimamizi

Tumsifu Yesu Kristo. Niongeze ya upande wa Kanisa Katoliki, kwa kuwa mtu atauliza tu.

Sisi tulifunzwa kwa gharama kubwa sana. Mwaka 2002 gazeti la Boston Globe lilipofichua namna mapadre waliotuhumiwa walivyohamishwa parokia moja hadi nyingine, tatizo halikuwa kukosa sheria. Sheria ya Kanisa ilikuwepo. Kilichokosekana ni maaskofu kuitumia, na siri ilikuwa inalinda ofisi. Mwaka 2019 Papa Fransisko alitoa hati ya Vos estis lux mundi: kila mkleri (shemasi, padre au askofu) na mtawa mwenye habari au sababu za msingi za kuamini kwamba ukatili umefanyika analazimika kutoa taarifa haraka kwa mamlaka ya Kanisa, majimbo yote yaweke mfumo wa kupokea taarifa unaofikika kwa umma, na anayetoa taarifa haruhusiwi kufungwa mdomo. Hati inasema wazi kwamba haiondoi wajibu wa sheria za nchi. Desemba ya mwaka huohuo siri ya kipapa, yaani kanuni ya Vatikani ya kuyafanya mashauri yawe siri kali, ikaondolewa kwenye kesi hizi. Hati ilifanywa ya kudumu mwaka 2023. Katika sheria ya adhabu iliyorekebishwa, iliyoanza kutumika Desemba 2021, kosa hili liko kanoni (kifungu) 1398, chini ya kichwa cha makosa dhidi ya uhai, hadhi na uhuru wa binadamu. Zamani lilikuwa limewekwa kwenye makosa dhidi ya wajibu wa wakleri, pamoja na kuvunja useja. Kuhamisha kichwa kunaonekana kitu kidogo, lakini kumebadilisha nani anaonekana ameumizwa.

Kitubio: siri yake haivunjwi kwa sababu yoyote, na padre anayeivunja moja kwa moja anajitenga na Kanisa papo hapo. Lakini siri hiyo inafunika kilichosemwa ndani ya sakramenti tu. Mtoto akieleza ndani ya kitubio, padre anaweza na anapaswa kumhimiza ayaseme tena nje, kwake au kwa mtu mzima anayemwamini, na kumweleza ana haki gani. Mkosaji akiungama, padre hawezi kumwekea kujisalimisha polisi kuwa sharti la kuondolewa dhambi, ila anaweza kukataa kuondolea mahali ambapo haoni toba wala nia ya kuacha. Mazungumzo ya ofisini, ya shauri la kiroho, ya njiani, hayo si kitubio. Asitokee padre wala mchungaji anayeita kila faragha kitubio ili aepuke kuripoti.

---

Katibu_Kamati

Mungu awabariki. Nimesoma majibu yote mbele ya wazee. Hoja ya Matendo 23 imemnyamazisha mmoja. Mwingine amebaki na swali la msamaha: mtu akitubu kwa machozi mbele ya kanisa, tukimzuia asirudi kwenye huduma, hatujakana damu ya Yesu?

---

Mch_Mstaafu

Daudi alisamehewa siku ileile aliyosema nimemfanyia Bwana dhambi, 2 Samweli 12:13, na mstari wa 14 matokeo yakabaki. Msamaha na kurudishwa kwenye nafasi ni vitu viwili. Sifa za mwangalizi katika 1 Timotheo 3 ni za utumishi, wala hakuna anayepotea milele kwa kutokuwa mwalimu wa Sande skuli.

Sura inayofuata ya 2 Samweli, ya 13, ndiyo muiweke mezani. Amnoni, mwana wa Daudi, amemnajisi Tamari, dada yake wa baba mmoja. Absalomu, kaka yake Tamari, anamwambia dada yake anyamaze kwanza, ni ndugu yako huyo. Daudi anasikia, anakasirika sana, na hafanyi lolote. Tamari anakaa ukiwa nyumbani kwa kaka yake. Miaka miwili baadaye Amnoni ameuawa, na baada ya hapo nyumba nzima inaingia vitani. Funika kombe mwanaharamu apite ilijaribiwa na mfalme mwenyewe na haikufanya kazi. Hasira ya Daudi ilikuwa ya kweli, ila haikuzaa hatua, na makanisa mengi hupata shida hiyohiyo: yanahuzunika sana.

Jambo lingine, na hapa naomba wazee wawe waangalifu mno. Anayesamehe ni aliyekosewa. Kanisa halina madaraka ya kusamehe kwa niaba ya mtoto, wala kumsimamisha mbele wapeane mikono na aliyemuumiza. Mtoto anajua akikataa ataonekana mkaidi mbele ya watu 300, kwa hiyo atakubali, na atajifunza kwamba madhabahu nayo iko upande wa yule mtu. Luka 19:8, Zakayo hakuomba aaminiwe upya. Alitaja fedha atakazorudisha. Toba ya mtu wa aina hii inaonekana anapokiri kwa mpelelezi, anapokubali kifungo bila kumlaumu mtoto, na anapoomba mwenyewe asiwekwe karibu na watoto. Anayelia na hapohapo akauliza lini atarudi mimbarini bado hajafika.

---

Ustawi_Kaunta3

Na akimaliza kifungo akataka kuabudu, hamumfukuzi, ila mnaandikishana. Makubaliano ya ukurasa mmoja yanatosha: ibada ipi atahudhuria, atakaa wapi, nani wawili watakaokuwa naye tangu anaingia mpaka anatoka (wasiwe ndugu zake), sehemu asizokanyaga, yaani madarasa ya watoto na vyoo vyao, hana cheo wala huduma hata ya kukusanya sadaka, hazuru nyumba zenye watoto kwa jina la kanisa, hawasiliani na mtoto yeyote kwa simu. Anasaini. Yanapitiwa kila miezi sita, na ofisa anayemsimamia baada ya kifungo anapewa nakala. Akikiuka hata mara moja tu, anaabudu kwa namna nyingine: mnamfuata kwake. Kama mtoto aliyeumizwa anasali hapo, mkosaji ndiye anayetafuta kanisa lingine. Mara nyingi inakuwa kinyume: familia ya mtoto inahama kimyakimya, na watu wanasema wamepoa kiroho.

Akihamia kwingine, viongozi wa huko waambiwe. Barua ya utambulisho inayosema "alikuwa mwaminifu kwetu" na kunyamazia lililobaki ni uongo wenye mhuri.

---

Mwl_SandeSkuli

Mimi nadokeza kinga tu, maana mmekaa sana kwenye matibabu. Mambo yanayosahaulika kwenye miongozo mingi:

Watu wazima wawili wasio na undugu kwa kila darasa. Mume na mke wanahesabiwa mmoja. Mlango wenye kioo, au unabaki wazi. Chooni mtoto mdogo anasindikizwa mpaka mlango wa nje, na mwingine anaona. Mwalimu hamtumii mtoto ujumbe wa faragha. Ni kundi la darasa lenye mzazi na mwalimu wa pili ndani, basi. Kumrudisha mtoto nyumbani kwa gari au pikipiki peke yake hapana, hata mvua inyeshe.

Anayejitolea asikabidhiwe watoto kabla ya miezi sita ya kujulikana. Wadhamini wawili mnawapigia simu, msitosheke na barua, na swali liwe moja la moja kwa moja: ungemruhusu tena afanye kazi na watoto? Halafu nyamaza usikilize kimya chake. Cheti cha polisi kipatikane, lakini kinawaonyesha waliokamatwa tu, msikilalie.

Na muwafundishe watoto wenyewe. Mafundisho ya "watiini wakubwa" bila mpaka ni silaha mkononi mwa mtu mbaya. Darasani kwangu Waefeso 6:1 inasomwa na "katika Bwana" yake, kisha tunasema wazi: mtu mzima akikutaka ufanye siri ya mwili wako, kumkataa si dhambi, hata kama ni mtumishi.

---

Katibu_Kamati

La mwisho. Faili la taarifa likae wapi, na kwa muda gani? Rasimu inasema ofisini kwa mchungaji, mwaka mmoja.

---

Wakili_Sauti

Toa ofisi ya mchungaji, toa mwaka mmoja. Waathirika wengi husema wakiwa watu wazima, na sheria za muda wa kushitaki zinatofautiana. Kwenye sheria ya Kanisa Katoliki pekee ni miaka 20 kuanzia siku aliyefanyiwa anapotimiza 18, na ukomo huo unaweza kuondolewa. Kwa hiyo karatasi itunzwe miongo, isichanganywe na kumbukumbu za vikao. Kabati la chuma lenye kufuli, funguo mbili kwa watu wawili, mmoja wao asiwe kwenye baraza la wazee. Daftari la waliofungua, tarehe na sababu. Kwenye kompyuta msiweke nakala kwenye mashine inayotumiwa na wengi, na picha za maelezo zisipite kwenye kundi la WhatsApp la viongozi hata kwa dakika moja. Mchungaji akibadilika, makabidhiano ya kabati yasainiwe mbele ya wote wawili wenye funguo.